Tafuta wanywaji kabla ya kutafuta hopsi

Wadogo zangu wa Busia na Tororo, barua zenu nimezisoma, na safari hii mbili zinafanana kiasi kwamba nimeona nizijibu pamoja. Mmoja wenu ni wakala wa forodha pale mpakani. Alionjeshwa Nairobi bia chungu yenye harufu ya maganda ya chungwa, na tangu siku hiyo bia nyingine haimpendezi. Sasa anataka kujipikia. Mwingine yuko Tororo, mama yake hupika ajono, pombe ya wimbi, naye anauliza kama bia hiyo chungu, ya hopsi nyingi, inaweza kupikwa kwenye jiko lilelile la mama. Wote wawili mmeniuliza mnunue nini kwanza.

Msinunue kitu bado. Tafuteni watu kwanza.

Nawaambia hivi kwa sababu bia ya hopsi nyingi haikai. Uzuri wake wote uko kwenye harufu, na harufu hiyo huanza kupotea mara tu hewa inapoigusa. Ikikaa miezi kadhaa kwenye joto letu, kinachobaki ni uchungu mtupu. Ndoo moja ya lita 20 inakupa chupa zinazokaribia 40 za nusu lita. Ukipika bila watu, ama utazinywa zote wewe, na hapo itabidi tuzungumze mambo mengine kabisa, ama zitakuzeekea kabatini. Kwa hiyo pata wenzako sita au wanane wanaoipenda bia ya namna hiyo, mkubaliane zamu za kupika, mchangiane vifaa, na siku ya kufungua chupa ijulikane kabla moto haujawashwa.

Jambo hili mnalo nyumbani tayari. Ajono nayo haikai, ndiyo maana Iteso wa pande zote mbili za mpaka, kutoka Amukura na Malaba hadi Tororo, hawaipiki bila kujua nani atakuja kuinywa. Majirani zao wana zao: Wasamia, Wakhayo na Wamarachi wana busaa, Jopadhola wana kongo, na mjini Uganda hiyo ya wimbi wengi huiita malwa. Majina yanatofautiana, lakini kote huko pombe inapikwa kwa ajili ya watu ambao wamekwisha kualikwa.

Wewe wa Tororo, kabla hujanunua kipimajoto cha kutoka ng'ambo, kaa na mama siku anayokaanga. Unga wa wimbi unakandwa kwa maji na kufunikwa au kufukiwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha unamwagwa kwenye bati pana juu ya moto wa kuni, na mpishi anageuza kwa koleo bila kupumzika, moshi machoni, hadi ule unga wenye unyevu uwe chembechembe za kahawia zinazonukia mkate. Akichelewa kugeuza upande mmoja, unaungua na pombe yote inakuwa na ladha ya majivu. Chembe hizo zinaanikwa juani, halafu zinachanganywa na maji na kimea, yaani wimbi iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Baada ya siku chache mseto unakuwa umefanya kazi. Siku ya kunywa unatiwa chunguni, maji ya moto yanamiminwa juu yake, watu wanakaa duara na mirija yao mirefu yenye kichujio mwishoni. Chungu kikipungua, maji ya moto yanaongezwa tena.

Tazama vitu alivyovisimamia mama pale bila kuandika popote: joto, muda, usafi, ubora wa kimea, na ni lini aongeze maji ili ladha isipotee. Kazi yenu na hopsi ni hiyohiyo, kwa nafaka nyingine na kiungo kimoja cha ugenini. Kwa hiyo sikubali ninapoona kijana aliyenunua vifaa mtandaoni anaitwa fundi, anapigwa picha na sufuria yake ya kung'aa, huku mwanamke aliyesomesha watoto kwa pombe ya wimbi akiitwa mama pima na kufukuzwa na askari. Mkianzisha kundi lenu, muwe na mama mmoja kama huyo ndani yake, na mumlipe anapowafundisha. Msimkaribishe aje kuosha vyombo tu.

Adabu ya chungu nayo ni elimu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ivan Karp, aliyeishi na Iteso wa Busia upande wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha nzima kuhusu unywaji wao wa pombe. Wazee wenu wanayajua aliyoyaandika: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, hupulizi mapovu chunguni, na mkwe hakai chungu kimoja na wakwe zake. Kila kanuni inamlinda anayekaa karibu nawe. Kundi la wapenzi wa hopsi lisilo na adabu yake litageuka kikao cha kubishana nani anajua zaidi, na watu wataacha kuja.

Haya, sasa hopsi zenyewe. Ni maua ya mmea unaotambaa, nayo hayaoti kwa urahisi kwetu. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta ili urefuke na kutoa maua vizuri. Sisi ikweta inapita pale Maseno, si mbali na Busia, na mwaka mzima mchana wetu ni saa 12 hivi. Afrika Kusini wanalima hopsi karibu na mji wa George, lakini walilazimika kuzalisha mbegu zao wenyewe zinazovumilia siku fupi. Usidanganywe na anayekuuzia miche. Nunua zilizokaushwa na kushindiliwa kuwa vidonge, zilizofungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, zenye mwaka wa mavuno. Busia sokoni hutazipata; itabidi kuagiza, na hapo ndipo kuchangiana kunaposaidia, maana kuagiza kidogo kidogo kunakula pesa. Pakiti ikishafunguliwa, ifunge vizuri na uiweke kwenye friza. Zikinuka jibini iliyooza, zitupe, hata kama ziligharimu.

Kazi yake ni mbili na watu huzichanganya. Uchungu unatokana na asidi zilizomo ndani ya ua, nazo zinahitaji kuchemshwa muda mrefu. Harufu inatokana na mafuta yake, nayo hupaa na mvuke ukichemsha muda mrefu. Ndiyo maana zinatiwa kwa awamu. Kwa lita 20 anza hivi: kilo 5 au 6 za kimea cha shayiri kilichovunjwavunjwa, ukiloweke saa nzima kwenye maji yenye joto la kama nyuzi 66 au 67. Chuja, kisha chemsha maji hayo matamu saa nzima. Tia gramu 25 za hopsi yanapoanza kuchemka, gramu 50 ukishazima moto, kisha poza utie chachu, na gramu 100 nyingine baada ya chachu hiyo kumaliza kazi, zikae humo siku mbili au tatu. Hizo za mwisho ndizo zitakazokupa ile harufu uliyoisikia Nairobi. Aina inayoitwa Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ni nzuri kwa kuanzia. Inanukia balungi na haina hila.

Sehemu ya tano ya shayiri unaweza kuibadilisha kwa kimea cha wimbi cha mama. Mimi napenda hivyo. Bia inapata ladha ya nafaka ya kwetu chini ya ule uchungu. Wala usione aibu kutumia nafaka ya hapa. Nile Breweries ya Jinja ilianza kuuza Eagle Lager mwaka 2002 kwa mtama wa epuripur, mbegu iliyotoka Serere huko Teso. Na shayiri si mgeni kabisa: inalimwa Kapchorwa na Kween, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mnaouona kutoka Tororo kukiwa kweupe. Tatizo ni kuiotesha na kuikausha sawasawa, kwa hiyo mwanzoni nunueni kimea kilichokwisha kutengenezwa.

Kuna mambo mawili ya mahali petu ambayo vitabu vya ng'ambo havitawaambia. La kwanza ni kimo. Busia na Tororo ziko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yenu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Uchungu unatoka kwa unyonge kidogo. Ukiona bia haijafika pale unapotaka, ongeza kidogo hopsi za mwanzo wa kuchemsha, usiongeze muda hadi usiku wa manane. La pili, na ndilo linaloharibu bia nyingi zaidi, ni joto. Chachu ya kawaida ya bia za namna hii inataka nyuzi 18 hadi 20. Chumba chako Busia mchana kinaweza kufika 28 au 30. Kwenye joto hilo chachu inafanya kazi kwa fujo na inaacha ladha kali. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, izungushie gunia bichi, uiweke penye upepo na kivuli. Au chagua chachu inayopenda joto. Wakulima wa Norwei wana yao inayoitwa kveik, waliyokuwa wakiikausha na kupeana nyumba kwa nyumba, vizazi kwa vizazi, nayo inafanya kazi safi kwenye nyuzi 30 na zaidi. Siku hizi inauzwa ikiwa kavu kwenye pakiti. Kwa Busia mimi ningeanza na hiyo, na pesa za friji ya kupozea ndoo ningezinunulia hopsi.

Usafi sitausema mara mbili. Kila kinachogusa bia baada ya kuchemshwa, kuanzia ndoo, mpira, chupa hadi mikono yako, kisafishwe na kiuliwe vijidudu. Kama unatumia jiki, suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu yake iishe, maana klorini na bia hutoa ladha ya dawa. Maji ya bomba nayo chemsha mapema na uyaache wazi usiku kucha. Vinnie Cilurzo wa California, aliyepika mwaka 1994 mojawapo ya bia za kwanza za hopsi maradufu, amesimulia kwamba vyombo vyake vilikuwa vikuukuu na alizidisha hopsi makusudi ili zifunike kasoro. Yeye alikuwa mpishi hodari. Wewe usitegemee uchungu ukufichie uchafu, kwa sababu mnywaji anayejua ataubaini tu.

Chupa tumieni za kahawia. Hizi za Tusker na Nile Special za nusu lita zinafaa sana, kwa kuwa mwanga wa jua ukipenya kwenye chupa nyeupe au ya kijani huharibu hopsi na bia inatoa harufu mbaya. Hakikisheni chachu imemaliza kazi kabla ya kufunga vizibo. Sukari ya kuleta gesi ni gramu 6 hivi kwa lita, yaani gramu 120 kwa ndoo nzima, isizidi. Chupa iliyofungwa mapema au iliyotiwa sukari nyingi hupasuka, na vioo vyake huruka chumbani. Ziwekeni ndani ya sanduku lenye kifuniko, mbali na wanapolala watoto. Machicha ya nafaka, yale ya kabla ya hopsi, wapeni nguruwe na kuku, Busia hawakosekani. Machicha ya hopsi yafukieni. Mbwa akila hopsi anaweza kufa.

Siku ya kuonja, mirija iacheni kwa ajono. Mrija unapeleka kinywaji moja kwa moja mdomoni na pua inabaki nje, wakati bia hii inaishi kwa pua. Mimina kwenye glasi yenye nafasi juu, isijae, wanuse kwanza. Kwa ajono, kila mtu aje na mrija wake. Baada ya tuliyoyaona wakati wa korona, vilabu vya Uganda vikifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, sioni sababu ya kurudia kupokezana mrija mmoja.

Kisha ombeni ukweli. Rafiki anayekunywa bure atakwambia ni tamu, hata kama uso wake unasema mengine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nanyi mtaanza kulegeza kazi mkiamini sifa za meza ya bure. Mwambie kila mmoja ataje jambo moja alilopenda na moja la kubadilisha, kabla yeyote hajajua nani kapika ipi. Mama wa ajono aseme wa kwanza. Ulimi wake umeonja pombe iliyoharibika mara nyingi kuliko ninyi wote, na anajua uchachu unaoanza kabla ninyi hamjauhisi.

Sheria nayo. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho. Ndiyo iliyofuta marufuku ya zamani ya chang'aa, lakini inataka leseni kwa kutengeneza kileo, si kwa kuuza tu, na leseni zinashughulikiwa na kaunti. Uganda nako kuuza kunahitaji leseni. Wewe wa Busia nenda ofisi ya kaunti ndogo, uulize wazi kuhusu kupika kidogo kwa ajili ya kuonja nyumbani, upate jibu kabla hujawasha moto. Msiuze hata chupa moja bila kibali, na msiivushe bia mpakani kwenye boksi la bodaboda mkidhani kuwajua watu pale kunatosha. Wewe wakala wa forodha unalijua hili kuliko mimi, na kazi yako ni ya thamani kuliko ndoo ya bia. Kama mko pande mbili za mpaka, kila kundi lipike kwake na wanywaji ndio wavuke kwa vitambulisho vyao.

Msije kamwe mkaanza kukeneka pombe kali. Bia iliyochachishwa kwa nafaka safi haikuui kwa methanoli; wanaokufa ni wale wanaouziwa makali yaliyochanganywa. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine walipofuka. Mwaka 2010 kusini magharibi mwa Uganda waragi yenye methanoli iliua makumi ya watu. Mtu akija na chupa yake isiyojulikana asili, ikae nje ya mlango wa kundi lenu, hata akiwa rafiki wa utotoni.

Nguvu ya bia hii pia iheshimuni. Tusker ina asilimia 4.2, bia ya hopsi nyingi mara nyingi inakuwa 6 hadi 8, na uchungu na harufu vinakuficha usijue umekunywa kiasi gani. Chupa mbili kwa mtu zinatosha siku ya kuonja. Wali na samaki viwepo mezani kabla ya kizibo cha kwanza kufunguka, na anayeendesha pikipiki asionje. Aliye chini ya miaka 18 hakaribishwi, mwenye mimba apewe kinywaji kingine bila kuulizwa maswali mbele ya watu. Na kama katika nyumba yenu kuna mtu anayepambana kuacha pombe, nakuomba kama dada yako, usipikie katika nyumba hiyo. Pikia kwa mwenzako. Harufu ya kimea kinachochemka inajaza kila chumba, na yeye hana pa kuikimbilia.

Wewe wa Tororo, ulitaja kwamba mama anaona aibu mgeni akimkuta anapika. Nenda naye kwenye kikao cha kwanza cha kundi, mpe kiti, na chungu chake kikae meza moja na chupa zenu. Halafu niandikie aliyoyasema kuhusu hopsi.